Jinsi ya kuiona nebula ya Jabari bila teleskopu, na kuelewa ilitokeaje

Watu wengi nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo huko kwenye nyota, wanazijua kwa picha tu, zile za rangi kali za teleskopu za angani za Hubble na James Webb, basi wanadhani mpaka uwe na mitambo ya mabilioni ndo uione. Si kweli. Ipo moja unaiona kwa macho yako hayahaya ukiwa Tanga, Kisumu, Bujumbura, popote pale, na ukishaiona, habari ya nebula inatokeaje inaingia kichwani kirahisi kuliko kukariri.

Msimu wake ni Desemba mpaka Machi. Tafuta kundi la nyota la Jabari, wengine wanaliita Orioni. Desemba linachomoza mashariki giza likiingia, ikifika mwisho wa Januari na Februari saa tatu usiku liko karibu na utosi, kwa sababu lenyewe linapita juu ya ikweta na sisi tuko hapohapo, hii ni bahati ambayo mtu wa London hana. (Wa Dodoma na Mbeya najua kipindi hicho mna mvua, itabidi muvizie anga likifunguka.) Chagua usiku usio na mwezi, sogea mbali na taa, zima simu au punguza mwanga kabisa, halafu kaa kama dakika 20 macho yazoee giza. Hapa ndo wengi wanafeli, anatoka sebuleni kwenye tivii anaangalia juu dakika moja anasema sioni kitu.

Sasa angalia nyota tatu zilizojipanga mstari, karibu kila mtu ameshaziona hata kama hajui jina. Huo ndo mkanda wa Jabari. Nyoosha mkono, toka kwenye mkanda nenda upande wa kusini upana wa vidole viwili au vitatu, utakuta vinyota vingine hafifu vimepangana. Cha katikati hakikai sawa, kama kina ukungu. Ndo yenyewe hiyo. Ukiwa na binokula ya kawaida hata ya 7x50 (inakuza mara 7, lenzi za milimita 50) ukungu unatanuka unaonekana wazi kabisa, na kama huna, usikikazie macho, angalia pembeni yake kidogo, macho yetu kwenye giza yanashika mwanga hafifu vizuri zaidi kwa pembeni. Usitegemee rangi ya waridi, utaona kijivujivu, kwa sababu jicho gizani haliwezi kutenganisha rangi.

Haya, ilitokeaje? Pale pana wingu kubwa sana la gesi, nyingi ni haidrojeni, halafu heliamu, na vumbi kidogo. Mawingu ya namna hii mwanzoni ni meusi na ya baridi ya kutisha, nyuzi kama 260 chini ya sifuri, na yanaweza kukaa hivohivo muda mrefu tu bila kufanya lolote. Halafu sehemu flani inabanwa, labda nyota kubwa imelipuka jirani, labda mawingu mawili yamegongana, na pale palipobanwa mvutano unaanza kushinda: gesi inavuta gesi nyingine, bonge linakuwa zito zaidi linavuta zaidi, katikati joto linapanda mpaka linafika nyuzi kama milioni 10, hapo haidrojeni inaanza kuungana kuwa heliamu na nyota imezaliwa.

Lakini wingu bado halijawaka. Kinachowasha ni zile nyota kubwa za moto sana, zinatoa miale ya urujuanimno (ultraviolet) ambayo inapiga haidrojeni na kuing'oa elektroni, na elektroni inapokamatwa tena na kushuka ngazi za nishati inatoa mwanga, mwingi wake mwekundu. Kwa hiyo gesi inang'aa yenyewe, haiungui, kama gesi ya ndani ya taa za neoni za madukani. Pale kwa Jabari kazi hiyo karibu yote inafanywa na nyota moja inaitwa Theta-1 Orionis C, iko na wenzake katikati ya ukungu, ukipata teleskopu ndogo utaziona nne zimekaa pamoja. Umbali ni kama miaka nuru 1,300 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), yaani mwanga unaouona leo uliondoka huko kabla Kilwa haijawa mji wa maana.

Na usidhani wingu hilo ni zito. Limeenea miaka nuru kama 24 ila hewa unayovuta sasa hivi ni nzito kuliko hilo wingu kwa mabilioni na mabilioni, ungekuwa ndani yake usingejua kama uko ndani.

Watu wanachanganya sana hapa: si kila nebula ni wodi ya wazazi. Nyingine ni mabaki. Nyota ya saizi ya Jua ikizeeka inavimba na kupuliza ngozi yake ya nje, Jua letu litafanya hivyo baada ya miaka kama bilioni 5. Nyota kubwa zenyewe zinalipuka; ule ukungu wa Kaa ulio kwenye kundi la nyota la Ng'ombe, jirani na Jabari, ni mabaki ya mlipuko ambao Wachina waliuona na kuuandika mwaka 1054, uling'aa hata mchana. Mabaki hayo yanasambaa, yanaingia kwenye mawingu mengine, yanazaa tena. Kilimia nacho kwenye picha kina ukungu wa bluu, ila hilo si wingu lililozizaa zile nyota, zinapita tu kwenye vumbi lisilo lao na vumbi linaakisi mwanga wao.

Ukitaka ile rangi, weka simu kwenye stendi au iegemeze kwenye tofali, chagua modi ya usiku, sekunde 10 hivi, weka taima ili kidole kisitikise. Ukikuza picha utaona kidoa cha waridi chini ya mkanda.