Kupima pH ya maziwa na mala: anza na kipimajoto

Asubuhi za Julai hapa Nairobi chumba chetu cha kupimia huwa baridi kama nje, ilhali saa nane mchana unavua sweta. Maziwa nayo hutoka kwenye tangi yakiwa na nyuzi 4. Nilipoanza kazi nilikuwa natumbukiza elektrodi (kijiti cha mita chenye ncha ya glasi) papo hapo, nasoma pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ya 6.85 na kuyasifu maziwa. Nikiipasha chupa ileile kwenye maji vuguvugu, inasoma 6.68. Nililaumu mita, nikanunua betri mpya. Mita haikuwa na neno.

Joto huingilia mahali pawili. Kwanza kwenye elektrodi: kwa kila pH moja hutoa milivolti 59.16 kwa nyuzi 25, lakini kwa nyuzi 5 hutoa 55.19 tu. Hili mita inaweza kulirekebisha. Pili ni kimiminika chenyewe, ambacho pH yake hubadilika kwelikweli. Hata maji safi kabisa, yasiyo asidi wala besi, yana pH 7.00 kwa nyuzi 25, 7.47 kwa nyuzi 0, na 6.6 hivi kwa nyuzi 50. Hapo hakuna kitufe cha kukusaidia, maana mita inasema kweli.

Hatua ya 1: Leta kila kitu kwenye joto moja. Sampuli, bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana, cha kusawazishia mita) na elektrodi, vyote. Mimi nina beseni la plastiki, birika na kipimajoto. Nachanganya maji mpaka nyuzi 25, kisha nazamisha chupa hadi shingoni. Koroga polepole, na upime joto ndani ya maziwa, si ndani ya beseni. Usiharakishe kwa kuweka chupa juu ya jiko. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayobeba kazi yote.

Hatua ya 2: Sawazisha mita. Kwa maziwa na mala (maziwa yaliyochachushwa) tumia bafa ya 7 na ya 4. Soma jedwali dogo kwenye chupa ya bafa: ile ya 10.01 kwa nyuzi 25 huwa 10.06 kwa nyuzi 20, ilhali ya 4.01 haisogei sana. Kama mita yako haijui bafa zenyewe, ingiza thamani ya joto ulilo nalo. Mimina kidogo kwenye kikombe na usirudishe chupani, hata kama bei inauma.

Hatua ya 3: Kagua fidia ya joto, yaani yale marekebisho ya elektrodi ambayo mita hufanya. Kama mita ina kihisi cha joto, nacho kizame kwenye sampuli. Nimekikuta mara nyingi kikining'inia hewani. Kama haina, ingiza joto kwa mkono. Ukipima mala ya pH 4 ikiwa na nyuzi 5, na mita imeachwa kwenye 25, utasoma 4.20. Kwa maziwa mabichi kosa hilo ni kama 0.02 tu, kwa sababu pH yake iko karibu na 7, ambako elektrodi hutoa karibu milivolti sifuri. Ndiyo maana anayepima maziwa mabichi pekee huweza kuishi miaka bila kujua kihisi chake kimekufa.

Hatua ya 4: Pima. Suuza elektrodi, gusisha tishu bila kusugua, tumbukiza, subiri namba itulie. Kwenye baridi glasi huwa nzito kujibu, kwa hiyo usiandike namba ya kwanza unayoiona.

Hatua ya 5: Andika joto kando ya pH. “6.68 kwa nyuzi 25.” Mtu akinipigia simu kuuliza kwa nini yeye kapata namba tofauti, swali langu la kwanza ni alipima kwa nyuzi ngapi. Kama huna muda wa kupasha, pima yote yakiwa baridi na ulinganishe baridi kwa baridi. Maziwa hupungua kama 0.01 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Nalitumia hilo kukisia, silijazi kwenye daftari, na siligusi kabisa kwa juisi au sabuni.

Ukimaliza, osha mafuta ya maziwa yaliyoganda kwenye glasi, kisha hifadhi elektrodi ndani ya maji ya kloridi ya potasiamu. Usiiache kwenye maji yaliyokenekwa. Huifyonza chumvi yake, na kesho utaanza kulaumu joto bure.