Siklidi wa Afrika kwa tenki moja: nani akae na nani

Watu wengi Kisumu na Nakuru wakiingia duka la samaki wa mapambo wanachagua kwa macho tu, huyu wa njano, yule wa buluu, na huyo mwenye mistari pia tia kwa karatasi, alafu miezi michache baadaye tenki imebaki na dume moja limenona na wengine wameisha mmoja mmoja. Siklidi, hawa samaki wa jamii moja na ngege (tilapia), hawachaguliwi hivyo. Unachagua ziwa kwanza, ndio uchague samaki, na ukishaweka hiyo kichwani nusu ya matatizo imeisha kabla hujalipa hata bob.

Maziwa yenyewe ni matatu: Malawi, Tanganyika na hili letu la Victoria. Wa Malawi ndio rahisi kupata na ndio wa rangi kali, kwa hivyo nitakaa kwao zaidi. Maji ya Malawi pH yake (kipimo cha uchachu, juu ya 7 maji si machachu) iko kama 7.7 hadi 8.6, Tanganyika inapanda hadi karibu 9, na zote mbili maji yana madini kushinda Victoria. Tabia pia ni tofauti, wa Malawi ni wa fujo na mbio mchana kutwa, wengi wa Tanganyika wametulia na kila mmoja ana boma lake, so ukiwachanganya wale wapole wanakosa chakula na wanakosa amani.

Maji tumalize haraka. Kisumu maji ya mfereji yanatoka ziwani ama kule mto Kibos, na hayo ni maji laini, sabuni inatoa povu bila shida. Ukiyaacha kwa tenki na samaki wengi pH inashuka polepole ju hakuna kitu cha kuishikilia. Dawa yake ni mawe ya chokaa, na Koru kwenye machimbo ya chokaa si mbali. Ukiokota jiwe na huna uhakika, dondoshea siki, likichemka vipovu hilo ni la chokaa. Matumbawe yaliyosagwa ukiyatia ndani ya filta yanafanya kazi hiyo hiyo. Nakuru ni hadithi ingine, maji mengi ya visima kule yanapita kwenye mawe ya volkano, yana floridi na mara nyingi tayari yako juu kwa pH, kwa hivyo pima kabla hujaongeza chochote. Klorini ya mfereji itoe na dawa ya dukani ama acha maji kwa ndoo wazi siku nzima. Joto ni digrii 24 hadi 27. Kisumu wengi wanaishi bila hita, lakini Nakuru mji uko karibu mita 1,850 juu ya bahari na usiku wa Julai haukuulizi, nunua hita.

Sasa ukubwa. Zile tenki za futi 2 zinazouzwa kila mahali si za mbuna, na muuzaji akikuambia zinatosha ju samaki bado ni wadogo, huyo anauza. Mbuna ni wale siklidi wa mawe wa Malawi na wanataka futi 4 kwenda juu. Tenki ya futi 4 kwa 1.5 kwa 1.5 inabeba kama lita 250, ukijumlisha kioo na mawe unapita kilo 300, so usiweke kwa meza ya tivi, mwambie fundi wa jua kali akuchomelee stendi ya chuma na uweke povu chini ya kioo. Mawe yapange yaguse chini ya tenki kabisa kabla ya kumwaga mchanga, ju hawa watu wanachimba usiku na mchana, na jiwe lililokalia mchanga litaanguka kwa kioo.

Haya, nani na nani. Kama unaanza, mimi ningekuwekea yelo lab, rasti na acei, kila aina sita hivi. Yelo lab, Labidochromis caeruleus, ni wa njano na pezi jeusi mgongoni, na kwa mbuna ni kati ya wapole zaidi. Rasti, Iodotropheus sprengerae, ana ile rangi ya kutu yenye zambarau, dukani akiwa mdogo hakuna mtu anamtazama lakini akikomaa chini ya taa nzuri ni samaki wa heshima. Acei ni mrefu kidogo, anafika sentimita 15, mwili wa buluu na mkia wa njano, na uzuri wake ni kwamba anaogelea juu na kwa kundi wakati wale wengine wako chini mawe kwa mawe, kwa hivyo tenki inajaa kutoka juu hadi chini na hakuna wanaogombania sehemu moja. Ukiangalia hao watatu hakuna wanaofanana, na hiyo si bahati, ndio sheria yenyewe: dume la siklidi linamchukia zaidi yule anayefanana nalo. Rangi sawa, mistari sawa, umbo sawa, hapo ndio vita. Kwa hivyo usiweke aina mbili za buluu zenye mistari hata kama ni za jina tofauti, wao hawasomi majina.

Zebra mwekundu, mbuna mwingine, wengi wanapenda kumweka na yelo lab. Si vibaya sana kwa fujo, ila hao wawili wanazaana, na watoto wanaotoka ni wa njano wa kupauka ambao utawauzia mtu kama yelo lab na kuharibu jina. Kama hujali kuzalisha sawa, kama unataka watoto safi waachanishe.

Kuna sura mbili dukani usidanganywe nazo. Moja ni auratus, mdogo wake ni wa njano kama dhahabu na mistari myeusi, mzuri mpaka mkono unaenda mfukoni wenyewe. Dume likikomaa linageuka kuwa jeusi na linachukua tenki yote, si pango moja, tenki yote, na wengine unawakuta wamejibana kona ya juu nyuma ya hita na mikia imechanika kama kitambaa. Ya pili ni kenyi, wadogo wote ni buluu wenye mistari, dume ndilo linageuka njano, na hasira ni ile ile. Hao wawekee tenki yao na wakorofi wenzao ama waache hapo dukani. Demasoni naye ni mdogo na mzuri lakini ukichukua wanne watamalizana hadi abaki mmoja. Weka 12 ama zaidi, ama usiweke.

Hiyo ya demasoni inakupa siri ya mbuna wote: wakiwa wachache mkubwa anachagua mmoja wa kutesa, wakiwa wengi hasira inagawanyika na hakuna anayepigwa hadi afe. Kwa hivyo tenki ya mbuna inajazwa kushinda tenki za samaki wengine, na ndio maana filta lazima iwe ya nguvu, mimi napenda mbili, moja ikiziba ingine iko, na maji unabadilisha robo ama theluthi kila wiki bila visingizio. Kwa kila dume weka majike watatu ama wanne. Shida ni kwamba wadogo huwezi kujua jinsia, so nunua kundi la sita hadi nane wakiwa wadogo, wakue pamoja, alafu madume ya ziada uyatoe yakianza kujitokeza.

Pikoki, yaani Aulonocara, ni wa Malawi pia lakini si mbuna, wanakaa sehemu za mchanga na wanatafuta chakula humo, na mbuna wakali wanawaonea hadi dume linapoteza rangi yote linabaki kijivu, sasa umelipa pesa ya rangi ambayo huioni. Pikoki waweke na pikoki wenzao na hapi wapole (hapi ni siklidi wengine wa Malawi wasio mbuna), ukitaka kuchanganya na mbuna basi ni yelo lab na rasti tu. Majike ya pikoki yanafanana sana aina kwa aina na yanazaana ovyo, ndio maana wengi wanaweka madume matupu, kila moja rangi yake, hakuna jike hata mmoja wa kugombaniwa. Hapi wakubwa kama venustus wanapita sentimita 20 na wanakula chochote kinachoingia mdomoni, hao ni wa futi 6.

Kama nafasi yako ni ile futi 2 na haibadiliki, usilie, ingia Tanganyika. Kuna wale wadogo wa makombe, Neolamprologus multifasciatus, hawafiki hata sentimita 5, kila mmoja anataka gamba lake la konokono. Magamba ya konokono wa shambani yako bure hapa kwetu, chagua madogo, chemsha, sugua, mwaga mchanga wa sentimita 5 hivi na uwatupie magamba mengi kushinda idadi ya samaki. Watachimba na kuyazika wenyewe hadi mdomo tu ndio uonekane, na jike mdogo kama kidole atakuja kukung'ata mkono ukisafisha karibu na kwake. Hao waweke peke yao. Frontosa ni wa Tanganyika pia lakini ni mkubwa, anataka futi 6, na atawameza hao wadogo.

Wa Victoria ndio hawa Wajaluo wanawaita fulu. Yule maarufu kwa tenki ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, dume lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi, jike ni kijivu tu. Aina moja kwa tenki moja, usiongeze ndugu yake, ju majike ya aina mbili huwezi kuyatofautisha, na madume nayo hayajali. Na usitoke na wavu kwenda ufuo wa Dunga hapo Kisumu kuvua wa kuweka nyumbani, fulu wengi waliisha ziwani baada ya mbuta (sangara) kuletwa miaka ya 1950, waliobaki waache.

Kambare wa kusafisha? Synodontis, wale wa jamii ya okoko, wanavumilia siklidi vizuri na maji pia wanayapenda. Ila hawafanyi kazi yako ya kubadilisha maji. Oska, goldi na enjelfishi hapana, hata wakikaa pamoja dukani. Oska na enjel ni wa Amerika Kusini, na goldi ni wa maji ya baridi na atakatwa mapezi wiki ya kwanza. Vifaranga vya ngege pia hapana, anakua hadi sahani.

Chakula nacho kinachagua majirani. Mbuna wengi wanakwangua mwani kwenye mawe, wape chakula cha spirulina (aina ya mwani), ukiwalisha nyama na minyoo kila siku tumbo linavimba, kinyesi kinakuwa cheupe kama uzi, na samaki anakataa kula, hapo mara nyingi umechelewa. Hapi kama venustus wanataka protini. Sasa ukiweka mla majani na mla nyama pamoja utamlisha nani?

Kuingiza samaki, wale wapole waende kwanza, wakali mwisho, na ikiwezekana wote siku zinazokaribiana. Ukiongeza mgeni kwa tenki ya zamani zima taa, hamisha mawe yote ili mipaka ipotee, lisha wenyeji, ndio umwachilie. Angalia siku mbili tatu za kwanza: anayekaa juu kona, mapezi yamefungwa, haji kula, mtoe saa hiyo hiyo usingoje kesho.

Stima ikipotea tenki iliyojaa hivi inaishiwa na hewa haraka, kuwa na pampu ya betri, na usilishe mpaka irudi. Madume ya ziada na vifaranga, majike hawa wa Malawi wanabeba mayai mdomoni kama wiki tatu kwa hivyo vifaranga vitakuja tu, rudisha dukani kwa kubadilishana na chakula ama mpe mwenye tenki. Usimwage mtoni Kibos, usimwage mto Njoro, wala ziwani.