Punguza vitu kabla ya masika

Kama unakaa Unguja, anza kabla ya Machi. Masika yakishika, mpaka Mei kila kilichorundikwa kinaota ukungu.

Usianze na picha wala barua, zitakukalisha kitako siku nzima. Anza na kabati la vyombo. Langu hapa Mwanakwerekwe lilijaa sahani za maua zinazosubiri wageni, huku sisi tunakula kwenye plastiki zilizokwaruzika. Plastiki zikatoka, za maua zikawa za kila siku. Chai ya alasiri ndani ya kikombe chenye ukingo wa dhahabu, wallahi, ina raha yake!

Kanga zinataka subira. Tandaza doti zote mkekani, ushike moja moja, uzinuse. Yenye harufu ya udi, unayoivaa kila shughuli, inabaki. Iliyofanya mistari ya manjano kwenye mikunjo kwa kukaa sandukuni, ifue, uianike, umpe mwenye haja nayo. Mzazi aliyetoka kujifungua hatoshelezwi na kanga. Iliyochanika usimpe mtu, kata matambara. Sura ya Aal-Imran, aya ya 92, inatuambia hatuufikii wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda, nami naishika hiyo.

Vyuma vya kutu, wauzie wa chuma chakavu. Cha mama mkwe usikiguse kabla hujamuuliza.

Uvungu ukishakuwa mweupe, usiutafutie vya kuujaza. Ukienda sokoni Darajani, chukua orodha, na pesa ya orodha hiyo tu.