Makadamia Mlima Kenya: linganisha aina kabla hujanunua mche

Miti yangu 30 ya kwanza niliinunua kwenye kitalu kimoja bila kuuliza swali hata moja. Nilisubiri miaka minane, ndipo nikagundua ni miche iliyooteshwa kwa mbegu bila kupandikizwa, kila mti na tabia yake, na maganda mazito kama jiwe. Sitaki mkulima mwingine apoteze miaka hiyo.

Hatua ya 1: Jua mwinuko wa shamba. Simu yako itakuonyesha mita. Aina zilizochaguliwa na watafiti huku kwetu zina herufi za eneo zilikotoka: KRG ni Kirinyaga, MRG Murang'a, EMB Embu, KMB Kiambu. Ukanda wa kahawa, fikiria KRG-15, EMB-1 na MRG-20. Ukiwa juu zaidi, kwenye baridi ya majani chai, anza na KMB-3.

Hatua ya 2: Tafuta kokwa za kupima. Omba kwa majirani wenye miti inayojulikana aina yake, mwinuko ule ule, msimu ule ule. Okota zilizoanguka zenyewe, usiangue kwa fimbo. Pasua ganda la kijani: ndani likiwa la kahawia, kokwa imekomaa, likiwa jeupe, achana nayo, itakudanganya.

Hatua ya 3: Kausha, vunja, pima. Hapa usiharakishe, maana ndipo aina hujieleza zenyewe. Menya ganda la kijani siku ile ile, kisha tandaza kokwa kivulini juu ya wavu wiki mbili au tatu. Jua kali huharibu viini. Chukua kilo moja ya kila aina, vunja, upime viini peke yake kwa mizani ya jikoni. Gramu 300 maana yake ni asilimia 30, na hicho ndicho kiwango ninachokitaka mimi. Miti yangu ya mbegu ilinipa gramu 220. Sehemu kubwa ya mzigo niliobeba sokoni ilikuwa ganda tupu. Vilivyotobolewa na wadudu au kuoza vipime kando.

Kisha tia viini kwenye maji ya kawaida. Vinavyoelea vina mafuta kama asilimia 72 au zaidi, na hivyo ndivyo daraja la kwanza. Lakini hakikisha vimekauka hasa: kiini kikikatika kwa mlio, kiko tayari, kikipinda, bado kina unyevu na kinaweza kuzama hata kama ni kizuri. Rudia msimu wa pili ukiweza. Mwaka mmoja wa ukame hautoshi kuuhukumu mti.

Hatua ya 4: Chagua mbili, si moja. Makadamia huzaa vizuri zaidi ikipata chavua ya aina nyingine. Badilisha aina kila baada ya mistari michache, na uwakaribishe nyuki. Mimi huacha mita 10 kati ya miti ili nipate mahindi na maharagwe miaka ya mwanzo.

Hatua ya 5: Kagua mche wenyewe. Lebo pekee haitoshi. Uliza vikonyo, yaani vijiti vilivyopandikizwa kwenye mche, vilikatwa kwenye mti gani, na ukaone mti huo kwa macho yako. Tafuta kovu la kupandikiza kwenye shina, liwe limeshikana vizuri. Ukipanda, kovu hilo libaki juu ya udongo, na chipukizi lolote linalotokea chini yake likate mara moja.