Mto wa kulalia: pima bega kwanza, ndipo ununue

Ukiamka shingo imekaza, kugeuza kichwa ni shida, halafu ikifika saa nne asubuhi maumivu yameshaondoka yenyewe, anza kuuchunguza mto.

Shingo ina pingili 7, na zikikaa vizuri hufanya upinde mdogo unaoelekea mbele. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Mchana misuli ndiyo inayokibeba. Usiku misuli hulegea, na mzigo wote huachiwa mto. Mto ukiwa mrefu mno kwenda juu, au mfupi mno, kano na maungio ya pingili hukaa yamevutwa upande mmoja kwa saa 6 au 7. Kazi ya mto, basi, ni kujaza pengo lililopo kati ya kichwa na godoro, basi. Pengo hilo hutegemea unavyolala, upana wa bega lako na ugumu wa godoro, ndiyo maana mto unaomfaa mumeo unaweza kukuumiza wewe.

Ukilala ubavu

Hapa ndipo pengo ni kubwa kuliko pote. Simama kando ya ukuta, bega liuguse bila kuusukuma, macho yatazame mbele. Mtu mwingine apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka ukutani hadi kichwani, juu kidogo ya sikio. Wengi hupata kati ya sm 10 na 15. Kisha punguza kiasi ambacho bega linazama: godoro laini la sponji linaweza kulimeza bega sm 3 au zaidi, ilhali kwenye godoro gumu au mkeka halizami karibu kabisa. Mtu akibadili godoro laini kwa gumu bila kubadili mto, shingo huanza kumsumbua, kwa sababu mto ule ule sasa ni mfupi.

Kipimo ulichopata ni cha mto ulioshindiliwa, si ule uliofura dukani. Kwa hiyo uweke mto mezani, pandisha juu yake mfuko wa mchele wa kilo 5, subiri dakika 10, kisha pima kwa rula unene uliobaki chini ya mfuko. Mto ulioonekana mnene kabisa unaweza kubaki nusu.

Ukishalala, bega likae juu ya godoro, na ukingo wa mto uingie hadi kwenye kona ya shingo na bega. Kosa linaloonekana sana ni kupandisha bega juu ya mto: kichwa na bega huinuka pamoja, na pengo la shingo hubaki tupu. Mwombe mtu akupige picha kwa simu kutoka nyuma. Kisogo, katikati ya shingo na uti wa mgongo vinatakiwa kuwa mstari mmoja. Kichwa kikiinamia godoroni, ongeza urefu. Kikipanda kuelekea bega la juu, punguza. Mto wa pili kati ya magoti huzuia kiuno kisijipinde. Usitie mkono chini ya kichwa kuongezea urefu, maana hapo ndipo unapoamka na ganzi vidoleni.

Ukilala chali

Pengo ni dogo zaidi. Kwa wengi sm 6 hadi 10 baada ya kushindiliwa hutosha. Angalia kidevu: kikisogelea kifua, mto ni mrefu, kikielekea dari, ni mfupi. Kama mto ni sawa lakini shingo inabaki hewani, zungusha taulo ndogo bila kuikaza, ifikie unene wa sm 6 hivi, uitie ndani ya foronya kwenye ukingo wa chini ili ikae chini ya shingo. Mzee ambaye mgongo wake wa juu umepinda anahitaji mto mrefu zaidi. Kumwambia alale bila mto ni kumtesa.

Ukilala kifudifudi

Hakuna mto unaoliponya hili. Ili upumue lazima ugeuze kichwa karibu hadi mwisho wa uwezo wa shingo, na kibaki hivyo. Tumia mto mwembamba sana au usitumie kabisa, huku ukijizoeza kulala ubavu umekumbatia mto mrefu, ambao huzuia mwili usigeuke kifudifudi.

Kilichomo ndani

Mto wa sufi ndio mwepesi kurekebisha. Fumua mshono kama sm 15, toa sufi gao kwa gao, lalia, toa tena hadi urefu ukubali. Iliyotoka itunze mahali pakavu, kwa kuwa sufi hushikana kadiri miezi inavyopita na utahitaji kuirudishia. Usiufue mto wenyewe: sufi ikilowa hufanya mabonge. Fua foronya, mto uanike juani. Sponji nzima hutunza urefu wake, ila ukikosea kipimo itabidi fundi aikate. Vipande vya sponji hukimbilia pembeni na kichwa hutumbukia katikati. Kuweka mito miwili mmoja juu ya mwingine hakusaidii, maana wa juu huteleza usiku.

Ukibadili urefu, badili sm 1 au 2 kwa mara moja, ukae nao wiki nzima kabla ya kuugusa tena. Maumivu yakishuka mkononi, mkono ukipoteza nguvu, shingo ikikakamaa pamoja na homa, au yakianza baada ya kuanguka au ajali, hilo si la mto: nenda hospitali siku hiyo hiyo.