Sayansi ya jikoni na watoto wadogo: anza na doa la binzari

Wazazi wenzangu, najua mtu akisikia sayansi anawaza maabara, darubini, vitu vya bei. Achana navyo kwanza. Ukiwa na binzari ya manjano, sabuni ya mche na ndimu unaweza kumshika mtoto wa miaka 4 mpaka 7 asubuhi nzima na katuni asizikumbuke.

Mi nilianzia kwenye shati la shule. Binti yangu kajimwagia mchuzi, nikaloweka, ile kupaka sabuni tu doa la njano likageuka jekundu palepale, akapiga kelele "Mama, umeliumiza shati!" Jamani hilo doa nimelifua miaka yote na sijawahi kujiuliza. Tukaligeuza mchezo.

Chukua kijiko cha chai cha binzari, iwe manjano tupu sio ile ya kuchanganya ya pilau, koroga na maji ya moto robo kikombe, paka kwenye karatasi ya daftari afu anika kivulini ikauke kabisa. Tandika gazeti mezani na mtoto umvalishe nguo ya kuchezea, utanishukuru. Kwangua sabuni ya mche kidogo uiyeyushe kwenye maji ya vuguvugu, mpe kijiti cha pamba ya masikio achovye aandike jina lake. Maandishi yanatoka mekundu. Kisha achovye kijiti kingine kwenye ndimu apitishe juu, yanarudi njano. Wa kwangu aliandika, akafuta, akaandika tena mpaka karatasi ikatoboka.

Ila kabla hajagusa kitu muulize "unadhani itakuaje?" afu unyamaze. Hapa ndo wengi tunaharibu, tunakimbilia kueleza, mtoto anakaa tu kama yuko kwenye mahubiri. Akikosea usimcheke, mwache aone mwenyewe. Halafu mruhusu azunguke jikoni atafute vya kujaribu: chumvi, maziwa, siki, maji ya majivu. Majivu yatageuza, chumvi haitageuza, achore kwenye daftari kipi kimefanya nini. Hapo ndo umpe jina, vyenye uchachu kama ndimu na siki ni asidi, vya upande wa sabuni na majivu ni besi, basi, inatosha kwa siku moja. Maji ya majivu chuja wewe, yanawasha machoni. Na kama una choya ndani (rozela, yale maua makavu ya kutengenezea juisi nyekundu) jaribuni pia, maji yake mekundu ukitia magadi kidogo wekundu unapotea yanaelekea ukijani, hayo msinywe lakini.

Siku nyingine fanyeni yai. Glasi mbili za maji, moja tia chumvi vijiko vya chakula 5 au 6 mkoroge mpaka iyeyuke, tumbukiza yai bichi kila glasi. La maji matupu linazama, la chumvi linaelea, kwasababu maji yenye chumvi nyingi ni mazito kuliko yai. Sasa mimi siku ya kwanza nimeshajigamba mbele ya watoto na mpwa wangu yupo, yai likaelea kwenye maji matupu! Kumbe lilikua la siku nyingi. Yai likikaa linapoteza maji kupitia ganda, hewa inaingia ndani, linakua jepesi. Nilikasirika nikitaka kwenda kulirudisha dukani lakini ukweli lile yai bovu ndo lilitupa somo zuri kuliko nililopanga, sa hivi mtoto hanikubalii nipasue yai bila kulipima kwenye maji.

Maharage mnayajua, pamba iliyoloweshwa maji kwenye kikombe, punje 3 au 4, siku chache yanaota. Nyongeza yangu ni moja tu: panda vikombe viwili, kimoja dirishani kingine kabatini gizani, vyote mnyunyizie maji sawa, na kila mtu nyumbani apige kura kipi kitarefuka zaidi. Kwetu wote tulipigia cha dirishani, mimi mtu mzima nikiwemo. Baada ya wiki na kitu tukafungua kabati, mche wa gizani mweupe-mweupe, dhaifu, umepinda kama unatafuta mlango, na umempita mwenzie kwa urefu wa kidole. Binti yangu akauliza, "Mama, ulikua unatafuta jua?"