Boti ya kukunja kwa anayeishi ghorofani: kupima, kubeba na kuanika

Somo hili ni la yule anayepanga nyumba Nairobi, hana gari la maana wala ua, na bado anataka kupiga kasia Naivasha siku ya Jumamosi. Wenzetu wa Kisumu wana pa kuacha boti. Sisi tuna kitanda, na chini ya kitanda tayari kuna masanduku.

Nianze na kosa langu. Boti yangu ya kwanza ilikuwa ya paneli za plastiki zinazolaliana kama kurasa za kitabu. Niliambiwa ikikunjwa unene wake ni sentimita kumi tu, nami nikashangilia unene. Urefu sikuuliza. Ilikuwa mita tatu. Ilifika kwenye ploti, ikapanda ngazi vizuri hadi kona ya ghorofa ya pili, ikagoma. Tukaisimamisha, tukailaza, tukajaribu kuipitishia juu ya reli. Mama wa mlango wa kona akatoka na mtoto mgongoni, akatutazama bila kusema neno, akarudi ndani. Boti ililala kwenye kibanda cha mlinzi wiki mbili. Mlinzi akawa anaikalia kama benchi, nami sikuwa na la kusema.

Hatua ya 1: Jua inakunjwaje

Kukunjwa ni neno moja, lakini boti zenyewe ni za namna tatu.

Ya zamani ni ya fremu na ngozi. Unaunganisha vijiti vya mbao au alumini, kisha unavivisha turubai lenye mpira upande wa chini. Mwaka 1905 mwanafunzi wa Ujerumani, Alfred Heurich, alibuni boti ya namna hii. Baadaye Johannes Klepper, fundi cherehani wa mji wa Rosenheim, akanunua haki ya kuitengeneza, na watu wa mijini wakawa wanapanda nayo treni hadi mtoni. Usiidharau kwa kuwa ni kitambaa: mwaka 1956 daktari Hannes Lindemann alivuka Atlantiki peke yake ndani ya Klepper, siku 72. Taabu yake ni wingi wa vipande. Kimoja kikipotelea kwenye nyasi, safari imekwisha.

Ya pili ni jamii ya ile yangu, paneli ngumu za plastiki iitwayo polipropilini. Inayojulikana zaidi ni Porta-Bote ya Marekani. Ni imara na hubeba hata injini ndogo, ila ikikunjwa inabaki na urefu wake wote. Ni boti ya mwenye ua.

Ya tatu ni shiti la plastiki lenye mifereji ndani, mfano wa ubao wa katoni. Anton Willis, msanifu wa majengo, alihamia nyumba ndogo San Francisco akakosa pa kuweka kayaki yake, yaani boti nyembamba ya kasia, akaanza kukunja karatasi mezani hadi akapata umbo la kayaki. Mwaka 2012 akaitoa kwa umma kwa jina la Oru. Ikikunjwa inakuwa sanduku la kubeba begani, na zile nyepesi zina kama kilo tisa. Wewe wa ghorofani, tafuta ya jamii hii.

Za kujaza upepo siziingizi hapa. Ukingo wa Naivasha umejaa migunga, na mgunga una miiba. Malizia mwenyewe.

Hatua ya 2: Tembeza ufito

Kabla ya kulipa hata shilingi, tafuta ufito wa mwanzi au bomba la PVC, ulikate kwa urefu wa boti ikiwa imekunjwa. Litembeze kutoka getini hadi mahali boti itakapolala: ngazi, kona, mlango wa grili, korido, nyuma ya kochi. Likikwama popote, boti itakwama hapohapo. Watu watakucheka ukipanda ngazi na fimbo. Wacheke. Mimi nilichekwa na boti yenyewe.

Hatua ya 3: Barabarani

Sanduku la kilo kumi linaingia kwenye buti ya matatu au linapanda keria. Zungumza na kondakta kabla gari halijajaa, maana baada ya hapo bei ya mzigo huwa nyingine. Kutoka mjini hadi Naivasha ni kama kilomita 90. Kwenda si tatizo. Kazi iko wakati wa kurudi, magunia ya viazi yakianza kupanda keria. Boti ikae juu ya gunia, kamwe gunia lisikae juu ya boti. Plastiki ikibanwa saa mbili kwenye jua huchukua umbo la kile kilichoibana, na mkunjo usio na kazi hautoki tena.

Hatua ya 4: Kukunjua

Fanya mazoezi nyumbani kwanza, pale juu kwenye kamba za nguo. Mara ya kwanza nilitumia saa nzima, watoto wa ploti wakinihesabia. Siku hizi ni chini ya dakika ishirini.

Polipropilini hukakamaa kwenye baridi. Asubuhi ya Julai pale Naivasha usianze kuivuta kwa nguvu. Ilaze juani kwanza, unywe chai, ukirudi itakuwa imelegea. Funga bakoli zote, yaani vifungo vya mikanda, kisha uzipitie tena kwa mkono, si kwa macho. Iweke majini hadi maji yafike vifundoni ndipo ukae. Usikae nchi kavu ukajisukuma kwa matako kwenye changarawe. Laifu jaketi unaivaa kabla ya kuingia. Na ondoka mapema, kwa sababu mchana upepo wa Naivasha huamka na boti nyepesi hupeperushwa kama jani.

Hatua ya 5: Kuanika

Hapa ndipo boti nyingi hufia. Haziozi ziwani, zinaozea nyumbani. Unarudi Jumapili jioni umechoka, unaisukuma nyuma ya mlango, unaikumbuka baada ya mwezi.

Ukiwa bado ukingoni, ipangushe na utoe kila jani la gugumaji na kila mzizi ulioshika. Si suala la usafi tu. Kipande kidogo cha gugumaji kikisafiri nawe hadi bwawa jingine, umepanda janga huko.

Nyumbani, ifungue tena, angalau nusu. Isimamishe kwa ncha moja kwenye beseni. Mara yangu ya kwanza nilidhani imekauka, nikaisimamisha hivyo, na kutoka kwenye ile mifereji kikatoka kikombe kizima cha maji ya kahawia na konokono mmoja mdogo. Geuza ncha ya pili, subiri tena. Chukua mswaki wa zamani usugue mikunjo, kwa sababu mchanga uliobaki humo ni msasa: kila ukikunja, unakwaruza. Kama ulikuwa Mombasa, suuza kwanza kwa maji ya mfereji, hasa pini na bakoli, chumvi isizile.

Ianike kivulini penye upepo. Jua kali la siku nzima hudhoofisha plastiki na kufifisha turubai. Julai, nguo zenyewe zinapokaa kambani siku tatu, iache sebuleni imefunguliwa nusu na uvumilie maneno ya nyumbani. Ya turubai usiikunje hata ikiwa na unyevu kidogo. Ukungu ukishaingia kwenye kitambaa, harufu haitoki.

Maswali ya wenzetu wapiga kasia

Kutoka Umoja: Si mkunjo utakatika baada ya muda?

Chukua chupa ya shampuu ufungue kifuniko chake. Ule ukanda mwembamba unaokunjika kila siku bila kukatika mara nyingi ni polipropilini hiyohiyo. Mkunjo utakushinda umri. Kinachokatika mapema ni bakoli na kamba, nazo hubadilishwa.

Kutoka Kayole: Yangu ina ufa mdogo. Nipake gundi ya Super Glue?

Haitashika. Polipropilini hukataa karibu gundi zote. Kwa siku moja tumia tepu nzito, pande zote mbili, pakiwa pakavu kabisa. Kwa paneli nene, tafuta fundi anayechomelea bampa za magari, maana bampa nyingi zimetengenezwa kwa plastiki ya jamii hiyo. Ile ya mifereji usimpelekee, ni nyembamba, ataitoboa.

Kutoka Lang'ata: Kwa nini niende mbali na Nairobi Dam iko hapa?

Zamani watu waliendesha mashua za tanga pale. Leo ni magugu na maji machafu. Nenda mbali, ndugu yangu.

Kutoka Rongai: Na viboko?

Boti ya kukunja si kinga. Kiboko hupindua hata boti za mbao, na Naivasha wamewahi kuua watu. Mchana hupenda maji mafupi karibu na mafunjo, jioni hutoka kula. Kwa hiyo usipite kwenye mafunjo, uwe nchi kavu kabla jua halijazama, na kabla ya kuingia waulize wenye boti za pale leo wamekaa wapi. Wakikwambia usiingie, kunja.

Kutoka Ruaka: Naweza kufunga injini?

Ile ya paneli, ndiyo, ndogo. Ya mifereji, hapana. Kabla hujanunua injini, waulize KMA, mamlaka ya serikali ya vyombo vya majini, kuhusu usajili wa chombo.

Kutoka Kitengela: Ile ya mita tatu iliishia wapi?

Niliiuzia jamaa wa Ngong mwenye ua. Siku ya kuichukua, mlinzi aliuliza sasa atakaa wapi. Nikamnunulia benchi.